Jicho lilijaa hewa, na harusi ya mdogo wangu imekaribia: nipulize tarumbeta?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 31, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, nina mke na mtoto mmoja. Kazi yangu ni kupiga tarumbeta kwenye bendi ya harusi, zile unazoziona Jumamosi juu ya pikapu mbele ya msafara, maharusi wakipelekwa kupiga picha Nyerere Square kabla ya kwenda ukumbini. Jina langu naomba lisitoke, na la bendi pia.

Jumamosi ya wiki juzi tulikuwa tunatoka kanisani. Nimesimama nyuma ya pikapu kama kawaida, dereva anaendesha huku ana simu mkononi. Bajaji ikakatiza mbele, akafunga breki ghafla, nikaenda na uso mpaka kwenye bomba la chuma tunaloshikilia. Nilijigonga shavu la kushoto, pale chini kabisa ya jicho. Damu ya pua ilitoka kidogo ikakata. Kiongozi wetu wa bendi alinipeleka kituo cha afya, na pale akaeleza yeye kwamba nimeteleza bafuni. Pembeni akaniambia tukisema ni gari tutadaiwa PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, na polisi watauliza habari za watu kusimama nyuma ya pikapu, gari litazuiwa na oda zote za mwezi zitakufa. Akanipa elfu hamsini. Nikapewa dawa za maumivu, nikarudi nyumbani.

Kesho yake jioni, na upepo wa Dodoma miezi hii unaujua, vumbi lilikuwa limenijaa puani. Nikapenga kamasi. Shangazi, jicho lilivimba palepale, mke wangu ananiangalia. Kope zilifura mpaka jicho likajifumba. Halikuuma sana, lilibana tu. Mke wangu alipogusa akaondoa mkono haraka, maana chini ya ngozi kulikuwa kunachakarika kama mtu anakanyaga majani makavu. Mama alikuwa amekuja kututembelea. Aliishia kushika kichwa na kuomba.

Usiku uleule tulikwenda hospitali kubwa. Nikapigwa picha ya CT. Daktari akanionyesha kwamba mfupa mwembamba ulio chini ya jicho umepasuka, na hewa imepita hapo kutoka upande wa pua. Akasema hewa yenyewe itaondoka. Nisipenge kamasi, nikipiga chafya niache mdomo wazi, na tarumbeta nisiliguse mpaka nirudi kliniki baada ya wiki sita. Naye nilimwambia nimeteleza bafuni, kwa kuwa ndivyo karatasi ya kituo ilivyosema.

Sasa uvimbe umeisha na jicho limefunguka. Nimebaki na ganzi kwenye shavu na mdomo wa juu upande huo, na nikitazama juu kama naangalia dari naona vitu viwili viwili, lakini mbele naona sawa. Kwa hiyo mtu akiniona anasema nimepona.

Shida yangu inaanzia hapo. Mdogo wangu wa kike, wa pekee, anaolewa Mpwapwa Jumamosi ya wiki ijayo. Marehemu baba ndiye aliyenifundisha tarumbeta, alikuwa anapuliza kwenye bendi ya kanisa kule. Alikuwa akisema mbele ya watu kwamba binti yake siku ya kuolewa atapita mlangoni mwa kanisa akisikia tarumbeta la nyumbani. Mama ameshika neno hilo. Anasema baba alipuliza hata akiwa na malaria, na mimi jicho limefunguka nasubiri nini. Mke wangu anasema nikilishika tarumbeta yeye haendi harusini.

Halafu kuna kijana wa bendini. Nilimfundisha mimi, tangu hajui kushika tarumbeta. Kiongozi amemweka kwenye nafasi yangu, na kazi zote tangu niumie amepiga yeye. Anapuliza vizuri, sikatai, ingawa noti za juu anazikwepa na anakimbiza mwendo. Watu wameanza kuuliza oda kwa jina lake. Harusi ya mdogo wangu itapigwa na bendi yetu hiihii, maana yake nisipopuliza mimi atapuliza yeye, nyumbani kwetu, mbele ya ndugu zangu wote. Nikikaa wiki sita, nikirudi nitakuta nini? Kodi ya nyumba nayo imefika, na bendi hulipwa aliyepiga.

Mjomba wangu wa Kondoa naye anataka nikapigwe chuku ili hewa iliyobaki itolewe, nipone haraka.

Tarumbeta langu liko juu ya kabati, sijalipuliza. Nifanyeje?

Mpiga Tarumbeta, Nkuhungu

*

Marahaba, mwanangu. Na pole, wewe na mama watoto, maana kuona jicho la mtu likijaa mbele yako si jambo la kusahau usiku mmoja.

Kabla sijakujibu niwaambie wasomaji kitu. Kuchapa barua huchukua siku, na katika barua hii kulikuwa na sentensi moja isiyoweza kusubiri siku hizo. Kwa hiyo sehemu hiyo nilimtumia mwenyewe kwa simu mara nilipoisoma. Nairudia hapa kwa faida ya wengine.

Sentensi yenyewe ni ile ya kuona vitu viwili ukitazama juu. Umeiandika kwa kuipita, katikati ya habari ya kupona. Mimi si daktari, ninayo ya kusoma na kuuliza tu, lakini hili ndilo ningelitanguliza. Mfupa uliopasuka kwako ndio sakafu ambayo jicho linakaa juu yake. Ni mwembamba sana. Chini ya jicho upo msuli unaolisaidia kugeuka, na sakafu ikipasuka, msuli huo au mafuta yanayouzunguka huweza kunaswa kwenye ufa. Ukinaswa, jicho moja linapanda na lenzake linabaki nyuma, ndipo dari inakuwa mbili. Wakati mwingine ni uvimbe tu wa ndani na huisha wenyewe. Wakati mwingine mfupa unahitaji kurekebishwa, na madaktari wengi hupenda kuamua hilo ndani ya wiki mbili hivi tangu kuumia, kabla makovu hayajashika. Wewe wiki hizo mbili unazimaliza ukifikiria harusi. Miadi ya wiki sita haikuzuii kurudi mapema. Rudi, sema neno hilo kwanza, hata kabla hujakaa kwenye kiti.

Na ikitokea jicho likavimba tena ghafla, likauma, likatokeza nje, au ukaanza kuona ukungu na giza, hapo hakuna kungoja asubuhi. Hewa ikijibana nyuma ya jicho hukandamiza mshipa unaopeleka habari za kuona kwenye ubongo, na jicho haliwezi kuvumilia hali hiyo kwa zaidi ya saa chache. Kwa wengi haifiki huko, lakini mkeo na mama wajue dalili hizo, kwa sababu aliyefumba jicho hajioni.

Sasa tuje kwenye hiyo hewa yenyewe, iliyowatisha wote. Ndani ya mifupa ya uso, kwenye mashavu na kando ya pua, kuna vyumba vya hewa vilivyoungana na pua. Wengi wanaviita sainasi. Ukipenga kamasi, msukumo unaingia humo. Ukuta ukiwa mzima, hakuna litakalotokea. Ukiwa na ufa, hewa inasukumwa kupitia ufa huo hadi kwenye nyama laini za kope, ambazo hazina cha kuizuia. Pengine kipande cha utando hujifunga nyuma yake, ikaingia isiweze kurudi. Ndiyo maana jicho lilijaa mara moja, kwa kupenga kule kule, na ndiyo maana mkeo alisikia kuchakarika. Hakuna aliyekutupia kitu, na mama apumue kwa hilo.

Daktari alikuambia kweli kwamba hewa huondoka yenyewe. Sehemu kubwa ya hewa tunayovuta, kama asilimia 78, ni naitrojeni, ambayo damu huinyonya polepole. Kwenye kope kwa kawaida huisha kwa siku kadhaa mpaka wiki mbili. Mjomba wa Kondoa kwa hiyo mshukuru kwa kukujali, kisha umweleze kwamba hakuna hewa ya kutoa tena, na hata ingekuwepo, kuivuta kwa chuku juu ya mfupa uliopasuka na kuchanja ngozi ya karibu na jicho ni kufungulia vijidudu njia. Ningemwomba hivyo kwa upole, maana mjomba akikataliwa kwa ukali atakwenda kumshawishi mama.

Niweke neno kando kwa wasomaji wengine, kwa sababu huku kwetu watu wanaanguka na bodaboda kila siku. Hewa chini ya ngozi si ya usoni tu. Mtu akivunjika mbavu, halafu kifua au shingo ikavimba na kuchakarika, sauti ikabadilika, inawezekana ubavu umetoboa pafu na hewa inavuja kutoka humo. Huyo ni wa hospitali sasa hivi, hata kama anazungumza na kucheka. Na mwenye kidonda ambacho siku chache baadaye kinavimba, kinachakarika, kinauma kupita kiasi, ngozi inakuwa nyeusi na homa inapanda, huyo hewa yake inatengenezwa na vijidudu vinavyokula nyama. Naye asilale nyumbani.

Nirudi kwako. Unavyoona wewe, uvimbe umeisha basi umepona, na kilichobaki ni amri ya daktari na hofu za mkeo. Hapo naomba tutazame tena. Kilichoisha ni hewa. Mfupa bado, nao hujishika kwa wiki kadhaa, na ndiyo sababu ya zile wiki sita. Hewa iliwatisha watu wote kwa sababu inaonekana na kusikika, na mfupa haumtishi mtu kwa sababu umejificha. Jicho zuri kwenye picha za harusi halituambii lolote kuhusu sakafu yake.

Je, tarumbeta ni sawa na kupenga kamasi? Hili nimelifikiri sana, na nadhani ndilo swali ambalo hukumuuliza daktari. Ukipuliza, ile nyama laini nyuma ya kaakaa hupanda na kufunga njia ya puani, pumzi yote inatokea mdomoni. Kama imefunga sawasawa, msukumo haufiki kwenye ule ufa moja kwa moja. Wapigaji wenyewe, ninyi, mnajua kwamba kwenye noti za juu na za muda mrefu msukumo mdomoni unakuwa mkubwa sana, kupita mbali ule wa kupumua, na nyama hiyo ikichoka huvuja. Unasikia hewa ikitoka puani bila kutaka. Kwa hiyo kuna mpigaji atakayemaliza wimbo salama, na kuna mwingine ambaye noti moja itamrudisha pale alipokuwa Jumapili ile. Wewe ni yupi, mimi siwezi kujua nikiwa hapa, na nina shaka kama unaweza kujua wewe bila kujaribu, na jaribio lenyewe ndiyo hatari. Daktari wa masikio, pua na koo, mwenye picha yako mkononi, anaweza kukuambia ufa una ukubwa gani na uko upande gani. Muulize hivyo hasa: mimi napuliza tarumbeta kwa kazi, nikipuliza hewa inapita wapi?

Kuna na ganzi ya mdomo wa juu. Umeitaja kama mabaki ya ajali, lakini mpiga tarumbeta kazi yake iko kwenye mdomo huo. Neva inayoupa hisia hupita ndani ya sakafu ileile iliyopasuka, kisha inatokea shavuni. Ikibanwa, shavu, mdomo na ufizi wa upande huo vinakufa ganzi, na kwa kawaida hisia hurudi taratibu, wiki hata miezi. Sasa jiulize kwa jicho la fundi, si la mtoto wa marehemu: ungemruhusu mwanafunzi wako asimame mlangoni mwa kanisa na mdomo ambao nusu yake hausikii? Labda ungemruhusu. Wapo waliopiga na mengi. Lakini huenda unachokipigania siku hiyo hutakipata hata daktari akikuruhusu, na ni heri ulijue kabla kuliko kulijua mbele ya Mpwapwa nzima.

Nimesoma barua yako tena, na naomba usinikasirikie kwa nitakalosema. Umeandika kuhusu harusi ya mdogo wako, lakini yeye mwenyewe hayumo. Yupo mama na anachotaka, yupo mkeo na anachokataa, yupo marehemu na maneno yake, yupo mjomba na chuku zake. Bibi harusi hajasema neno. Amejua kwamba umevunjika mfupa? Ameulizwa anataka kusikia nini mlangoni, au anataka kumwona nani? Na jambo jingine hujaligusa: baba hayupo, basi nani anamtoa? Katika familia nyingi za huku kaka ndiye anayemshika mkono. Kama ni wewe, utamshika mkono na kupuliza tarumbeta kwa wakati mmoja? Kama si wewe, uliachaje nafasi hiyo, au hukufikiria kwa sababu tarumbeta lilikuwa limeshajaza kichwa?

Aliyejaa kwenye barua ni yule kijana. Umemweleza kwa makini kuliko dereva aliyekuumiza. Unajua noti anazokwepa na mwendo anaoukimbiza. Mwanangu, wivu wa kazi si dhambi ya kuficha. Mtu aliyefundisha halafu akaona kiti chake kimekaliwa ana haki ya kuumia. Ila nadhani unayapima maswali mawili kwa mzani mmoja. La kwanza ni heshima ya baba siku ya harusi. La pili ni nafasi yako bendini baada ya wiki sita. Ukipuliza Mpwapwa, huenda ukalijibu la kwanza, lakini la pili halitaondoka, kwa sababu Jumamosi inayofuata kuna harusi nyingine na inayofuata nyingine, na kijana atakuwepo. Na ukijiumiza upya, wiki sita zitaanza kuhesabiwa mwanzo.

Njia ninazoziona ni hizi, na kila moja ina gharama yake.

Unaweza kupuliza kama mama anavyotaka. Faida yake unaijua. Gharama yake nimeieleza, na niongeze mkeo. Yeye aliligusa jicho lile na mkono wake. Akisema haendi harusini, sidhani kama anakupangia. Anaogopa kuliona tena, safari hii mbele ya mawifi, mbali na hospitali yenye mtaalamu.

Unaweza kukaa kando kabisa ukawa kaka wa bibi harusi tu. Hapo jicho linapumzika, ila wewe utateseka, na mama huenda akanung'unika mpaka mwaka uishe. Wengine hukaa na uchungu huo vizuri, wengine unawageuka. Wewe unajijua.

Iko ya katikati, nayo nimeiwaza kwa sababu ya maneno ya baba. Alisema tarumbeta la nyumbani. Ule wimbo wa mlangoni, kama ulikuwa na namna yake ya kuupiga, namna hiyo iko kwako peke yako sasa. Ukimwita kijana kabla ya harusi, ukamwimbia kwa mdomo, ukamkalisha mpaka aache kukimbiza mwendo, ukampa tarumbeta lile lililo juu ya kabati alipige siku hiyo, ndugu watasikia nini? Sijui kama moyo wako unaweza. Inaweza kuwa tamu, na inaweza kuwa chumvi kwenye kidonda, kumpa kwa mkono wako kitu unachoogopa anakichukua. Na kiongozi wako anaweza kuisoma kama ruhusa ya kumweka moja kwa moja. Usiifanye kwa kuwa mimi nimeitaja. Ifanye tu kama ukiiwaza usiku unaona nafuu.

Safari yenyewe isikutie wasiwasi. Kupita Mbande na Kongwa hadi Mpwapwa hakuna mpando wa kuisumbua hewa ya usoni. Ndege ndiyo ya kuulizia kwanza, maana ndani yake hewa hupungua hadi kama uko mlima wa mita 2,400, na hewa iliyobanwa mwilini hutanuka. Akitokea ndugu wa Dar au Mwanza na tiketi ya kukutuliza, mwambie asubiri neno la daktari.

Hili la bafuni sasa. Namwelewa kiongozi wako. Pikapu ikizuiwa, ni watu wengi watakosa ugali, na wewe mmojawapo. Lakini tazama uongo huo umekaa wapi: umekaa kwenye faili lako, si lake. Daktari aliyeambiwa mtu ameteleza bafuni anatafuta majeraha ya kuteleza bafuni. Uso uliogonga chuma gari likiwa kwenye mwendo ni habari nyingine. Angeweza kukuuliza kuhusu shingo, meno, kichwa. Kwa hiyo ninaona kuna kusema mara mbili, na si lazima ziende pamoja. Kumwambia daktari ukweli ni kwa ajili ya jicho lako. Kwenda polisi kuchukua PF3 ni kwa ajili ya haki yako, na mlango huo una faida na madhara: ndio unaoweza kukufikisha kwenye bima ya gari au fidia, na ndio unaoweza kukufungia kazi bendini. Ila ukimwambia daktari, hospitali nayo huenda ikaulizia fomu hiyo, ujiandae na jibu. Ukichelewa sana, ushahidi unapoa, wenzako waliokuwepo wanaanza kusahau. Kati ya hayo mawili ipo ya kukaa na kiongozi mbele ya mtu mzima mnayemheshimu wote, mkaandikiana: atalipa kiasi gani cha matibabu, kiti chako kinakungoja mpaka lini, na unapopona unarudi kwa malipo yapi. Elfu hamsini bila karatasi ni pole tu. Akikataa kuandika, utakuwa umejifunza kitu kuhusu hicho kiti unachokihofia.

Habari ya kukwama kwa kodi isimfikie mwenye nyumba kutoka kwa wengine. Mwendee mwenyewe mapema, na ile karatasi ya hospitali mkononi. Fundi wa tarumbeta pia ana mdomo wa kufundisha hata asipopuliza. Kwaya na shule za hapa mjini zenye bendi huenda zikahitaji mtu wa kufundisha vijana kusoma noti na kushika mwendo, na hilo halihitaji pumzi. Hela yake ni ndogo kuliko ya harusi, najua.

Kwa mama, nisingemshindania marehemu. Usimwambie baba alikosea kupuliza na malaria. Mpeleke hospitali aione ile picha ya CT, daktari amwonyeshe ufa kwa kidole. Mama aliyeona jicho likijaa akaomba, nadhani hajui bado kwamba tarumbeta na kule kupenga kamasi vinaweza kuwa ndugu.

Mpaka hapo endelea na uliyoambiwa: kamasi zifute, usizipenge, chafya na mdomo wazi, usinyanyue vyombo vizito vya bendi hata wakikuomba, na samahani kwa kusema, hata chooni usijikamue. Vumbi la Nkuhungu funga kitambaa. Na kliniki nenda na mkeo, umwache yeye aulize maswali ya jicho, maana wewe nakuona utauliza ya tarumbeta tu.